Nyota Tatu za Mtu Asiye na Jina

Sehemu ya sita

Kwa ambaye Jumapili iliyopita hakulipata gazeti, au alilipata likiwa limeshafungiwa samaki, nitarudia kwa kifupi tu.

Naitwa Zamira. Naosha magari hapa Lushnja, kando ya barabara ya kwenda Fier. Kituo tulikianzisha mimi na mume wangu, Bashkim. Novemba ya mwaka jana Bashkim alivuka kwenda Italia kuchukua gari la mteja. Mdogo wake, Fatos, ndiye aliyemrudisha, ndani ya jeneza lililopigwa misumari. Gari liliwaka moto, alisema Fatos, na ndani hakukuwa na kitu cha kutazama. Tukazika. Tangu siku hiyo shemeji yangu ananikalia kooni nisaini nimwachie kituo, na Jumatatu iliyokuwa inakuja alikuwa ameshaniwekea miadi kwa mwanasheria.

Fatos huyohuyo, Jumamosi asubuhi, aliniletea nta mpya ya gari, yeye ndiye wakala wake. Ipo kwenye kopo la dhahabu. Jina lake silitaji, wenyewe wana mawakili na mimi nina ndoo. Nikaipaka Mercedes nyeusi ya mzee Refik, iliyokuwa imchukue bibi harusi wa mwanawe kesho yake. Nilipofuta, gari zima lilikuwa na mabaka meupe, kutoka boneti hadi buti, kama ng'ombe wa maziwa.

Niliwaacha hapo. Mimi nimeshika kitambaa, na mzee Refik anaingia getini.

Mzee Refik hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Alilizunguka gari, mikono mgongoni, akasimama mbele ya boneti.

"Hii ni nini, binti?"

"Ni nta, mzee. Itatoka."

"Itatoka lini?"

Nikakunja kitambaa, nikakikunjua.

"Kesho asubuhi msafara unatoka nyumbani kwangu," akasema. "Wakwe zangu wapya ni watu wa Berat. Unawajua watu wa Berat? Gari hili watalisimulia mpaka wajukuu zangu waoe." Akaweka funguo juu ya ndoo. "Nitarudi kabla jua halijazama. Nikilikuta hivi, kila harusi ya mji huu itapita mbele ya geti lako bila kusimama. Sikutishi. Nakueleza tu nitakavyofanya."

Akaondoka kwa miguu.

Nilinyakua sifongo nikaanza kusugua kama mwendawazimu. Baka lililokuwa kama sahani likawa kama sinia.

"Acha!" Suela alinishika mkono. "Unalizidisha!"

Suela ndiye anayekausha magari hapa kwangu, na tangu nimeajiri mtu huyu, machozi yangu pia anayakausha yeye. Alikuja baada ya msiba. Bashkim hakumjua hata kwa picha.

"Fatos alisema hakuna nta bora kuliko hii," nikasema. "Na sikumwamini hivihivi, Suela. Nilienda mtandaoni nikaangalia. Watu zaidi ya elfu moja wanaisifu. Nyota tano, nyota tano, nyota tano!"

"Uliyasoma maoni yao au ulihesabu nyota?"

Nilikamua sifongo.

"Lete simu," akasema.

Lazima mjue kwamba Suela, kabla ya kuja Lushnja, alifanya kazi Tirana, kwenye chumba kimoja chenye wasichana kumi na kompyuta kumi. Kazi yao ilikuwa kusifia vitu ambavyo hawajawahi kuviona. Amesifia viti vya watoto na hajazaa. Amesifia dawa ya upara, na nywele zake mwenyewe zinamfika kiunoni.

Akakaa juu ya tairi, akaanza kupitisha kidole.

"Huyu hapa. 'Gari langu limekuwa kama jipya, asanteni sana, nawashauri wote mnunue.' Gari gani? La rangi gani? Alipaka kwa kitu gani, alipaka wapi? Dada Zamira, huyu hana gari. Huyu hata baiskeli hana."

"Labda ni mtu wa maneno machache."

"Na huyu anasema inanukia waridi. Hebu nusa."

Nikanusa kopo. Mafuta ya taa matupu.

"Huyu kaweka picha ya gari jekundu. Na huyu wa chini yake, jina tofauti, ni gari lilelile, wameigeuza tu picha. Soma namba."

Namba ya gari ilisomeka kinyumenyume.

"Halafu tazama siku walizoandika. Mia tatu wameandika wiki moja. Wiki hiyo Albania nzima ilikuwa haina kazi nyingine, inapaka nta?"

Nakiri mbele yenu, nilijiona mjinga wa mwisho. Mimi ambaye sokoni naweza kugombana kwa ajili ya nyanya moja iliyobonyea, nilikuwa nimewaamini watu elfu moja ambao hawapo.

"Sasa tumtafute aliyeitumia kweli," Suela akasema. "Aliyetumia kitu kweli hakosi la kulalamikia, hata kama amekipenda."

Akaanza kutoka chini, kwenye nyota moja. Akasonya.

"Hawa nao ni wale wale. Wanaitukana nta hii halafu wote wanataja nta nyingine ya kununua, ileile moja. Washindani hawa." Akapandisha kidogo. Kidole kikasimama. "Huyu je? Nyota tatu. Hana jina, hana picha. Kajiita Mpita Njia."

"Soma."

Akasoma kwa sauti, na mimi nawawekea hapa neno kwa neno, kwa sababu nimeyahifadhi kama sala:

"'Kwenye gari jeupe au la fedha nta hii inafaa, na mvua mbili hazijaitoa. Kifuniko kimebanwa kijinga, nilikifungua kwa meno. Msipake juani. Sifongo waliyoweka ndani tupeni, mimi napakia soksi ya sufu niliyoigeuza ndani nje. Gari jeusi msiliguse, litatoka mabaka. Kama umeshafanya kosa hilo usisugue wala usitie maji. Pakaa mafuta ya alizeti ya kupikia, kidogo, vuta sigara moja, futa kwa pamba, ndipo uoshe.'"

Suela akainua macho. "Huyu kaitumia. Huyu ni mtu."

Mimi nilikuwa bado kwenye ile soksi.

Niliishi na Bashkim miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo tuligombana juu ya soksi. Mama yake anamfumia soksi za sufu kila msimu wa baridi, na yeye anazichukua mpya kabisa, anazigeuza ndani nje, anakwenda kupakia nta. Bashkim anafungua kila kitu kwa meno. Jino lake la mbele lina pengo dogo lililotokana na chupa ya mafuta ya breki. Na muda kwake haupimwi kwa saa. Chai inachemka kwa sigara moja. Kwenda Fier ni sigara tatu.

"Aliandika lini?" nikauliza.

"Wiki tatu zilizopita."

Nikaligeuza lile kopo. Chini yake paligongwa muhuri wa kiwandani: Machi, mwaka huu.

Tulimzika Novemba.

Sikumwambia Suela kitu. Niliingia jikoni, kile chumba cha nyuma tunakokaangia pilipili za mchana, nikatoka na chupa ya mafuta.

Suela akaniona. Macho yakamtoka.

"Hapana! Mafuta ya kupikia juu ya Mercedes ya mzee Refik? Kwa neno la mtu asiye na jina?"

"Wewe si umesema kaitumia?"

"Nimesema kaitumia, sijasema ana akili! Dada, huyu anafungua makopo kwa meno!"

"Nitamjaribu kwa pembe moja tu ya boneti. Washa sigara."

"Sivuti."

"Washa tu, Suela!"

Akachukua moja kwenye pakiti iliyosahauliwa na mteja, akawasha, akakohoa mpaka machozi. Nikapaka mafuta kwenye baka moja, kidogo, kama alivyosema. Tukasimama tunaitazama sigara ikiungua kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali.

Ilipokwisha nikachukua pamba, nikafuta mara moja.

Boneti ilikuwa nyeusi. Nyeusi safi, ya kina, na ndani yake nikaona uso wangu, mdomo wazi.

Suela akanirukia shingoni. "Mungu amweke Mpita Njia popote alipo!"

Hapo ndipo nilipolia. Yeye akadhani ni furaha ya gari.

Tulifanya kazi bila kula. Mzee Refik aliporudi, jua bado lilikuwa juu ya miti mirefu ya mipoplari, ng'ambo ya barabara, na Mercedes ilikuwa imesimama inang'aa kama piano. Alipitisha kiganja juu ya paa. Alichungulia chini ya vishikio vya milango.

"Ulitumia nini?"

"Mafuta ya kukaangia pilipili, mzee."

"Sema kweli."

"Kweli tupu."

Akacheka mpaka kofia ikamwinuka kichwani. "Basi kesho njoo ule harusi, binti. Usilete mafuta."

Nilimshukuru, nikamwambia Jumapili huwa nakula kwa mama mkwe. Na moyoni nilikuwa nimeshapanga nitakachokipeleka kwenye meza hiyo.

Alipoondoka nikamuuliza Suela, kama naulizia jambo la kawaida tu, "Hivi mtu anaweza kuandika kwa maneno ya mtu mwingine?"

"Kila siku. Sisi tulikuwa tunayaiba maoni ya zamani ya watu wa kweli, tunayabandika kwenye bidhaa mpya. Ndiyo yanayoaminika zaidi."

Nikakaa juu ya ndoo. Kumbe inawezekana. Labda Bashkim aliwahi kuandika zamani juu ya nta nyingine, na mtu ameokota maneno yake kama anayeokota koti la maiti.

"Lakini huyu?" nikauliza. "Ameibiwa?"

Suela akalichukua kopo la dhahabu, akajaribu kulifunga na kulifungua. Kifuniko kina ulimi unaokwama. Asubuhi mimi mwenyewe nilikibandua kwa kisu.

"Aliyeandika amelishika kopo hili hili," akasema. "Anajua kifuniko. Anajua mabaka, na dawa yake imefanya kazi mbele ya macho yetu. Haya hayajaibwa popote." Akanitazama. "Dada Zamira, kwani ni nani huyo?"

"Mpita njia," nikasema.

Jumapili, kabla ya kutoka, nilifanya jambo ambalo bado linanitia aibu. Nilijipaka rangi ya midomo. Mjane wa miezi saba, naenda kula kwa mama mkwe, nimejipaka rangi ile nyekundu aliyoipenda Bashkim, kama kwamba yeye ndiye angenifungulia mlango.

Alifungua mama yake. Mama Hatixhe alinibusu mashavu, akaiona midomo yangu, asiseme kitu. Mwanamke huyu tangu msiba hajavua nyeusi. Kila Alhamisi anapika halua, anapanda nayo makaburini, anawagawia watoto wa njiani kwa ajili ya roho ya mwanawe.

"Umekonda, mwanangu. Ingia, chakula kimeiva."

Fatos alikuwa ameshakaa, shati jeupe, karatasi za mwanasheria pembeni ya sahani. Mwana-kondoo na mtindi wake vilikuwa bado vinatokota kwenye chungu cha udongo.

"Shemeji," akasema huku akijipakulia, "nasikia Mercedes ya mzee Refik imeharibika. Pole sana. Ndiyo maana nakuambia kila siku, kazi hii si ya mwanamke peke yake."

"Iliharibika. Ikapona."

Kijiko chake kikasimama. "Ikapona vipi?"

"Kuna mtu kaandika dawa yake mtandaoni. Kwenye maoni ya nta yako."

Nikaweka simu mezani, karibu na mkate, nikaanza kusoma. Niliisoma ile sehemu ya gari jeupe, na mvua mbili. Niliruka ya kifuniko. Nikasoma ya soksi ya sufu iliyogeuzwa ndani nje.

Mama Hatixhe alishika kifua. "Soksi?"

Fatos alikuwa amekuwa wa rangi ya ule mtindi. Halafu, mbele ya macho yangu, damu ikamrudi usoni, akacheka.

"Aa, hiyo! Hiyo niliandika mimi."

"Wewe?"

"Kampuni inatutaka sisi mawakala tuandike. Sasa maoni yote yakiwa matamu, watu hawaamini. Lazima liwepo moja lenye uchungu kidogo. Nikamkumbuka kaka, Mungu amrehemu, nikaandika kama angeandika yeye." Akanigusa mkono. "Nisamehe kama nimekutonesha, shemeji. Sikufikiri ungesoma."

Mjue kwamba nilimwamini. Ilikuwa na maana yote. Suela mwenyewe angesema ndivyo inavyofanyika.

Nilichukua kitambaa cha mezani nikaifuta ile rangi ya midomo, polepole, mpaka ikaisha. Nilimzika Bashkim mara ya pili pale pale, baina ya mkate na chumvi.

Mama Hatixhe alikuwa analia bila sauti. Fatos akaanza kula tena.

Na ni kule kula kwake kulikoniamsha.

"Shemeji," nikasema. "Basi ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kwamba inaharibu gari jeusi. Umeandika mwenyewe. 'Gari jeusi msiliguse.' Wiki tatu zilizopita. Na jana asubuhi umekuja na kopo mkononi, umeiona Mercedes nyeusi imesimama mbele yangu, ukasema, paka hii."

Alitafuna kwa muda mrefu kuliko ile nyama ilivyostahili.

"Chagua, Fatos. Kama uliandika wewe, basi uliniharibia kazi kwa makusudi. Kama hukujua, basi hukuandika wewe."

"Zamira, leo Jumapili..."

"Mjibu," akasema mama yake.

Alimtazama mama yake, akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Nilijua," akasema. "Haya, nilijua. Nilitaka ushindwe mara moja tu, usaini, upumzike. Nimefanya kwa faida yako."

Mama Hatixhe akaweka uma chini. "Umemfanyia hivyo mke wa kaka yako?"

"Nimekosa, mama. Nimekosa."

Ningeweza kumtupia chungu kizima kichwani. Lakini kuna kitu kilinikaa vibaya. Mimi namfahamu Fatos. Ni mtu ambaye akiacha geti wazi na ng'ombe wa jirani akaingia, atakuapia kwamba geti halikuwepo. Na sasa amekiri uovu mzima kwa pumzi moja, bila hata kumsubiri mtu ambane. Kuna jambo alikuwa tayari kuitwa nyoka mbele ya mama yake ili lisifikiwe.

Nikaichukua simu, nikaiegemeza kifuani pangu asiione.

"Swali moja la mwisho, shemeji. Humu umeeleza ulivyofungua kifuniko cha kopo. Ulikifungulia kitu gani?"

"Kifuniko?"

"Umeandika wewe. Utakuwa unakumbuka."

Akatabasamu. Aliona ni swali dogo. "Bisibisi. Kama kila mtu."

Mama Hatixhe akanigeukia. Yeye bila miwani hasomi.

"Imeandikwa nini hapo, Zamira?"

"Meno, mama. Imeandikwa meno."

Nilidhani atapiga yowe. Hakupiga. Aliivuta sahani ya Fatos kutoka mbele yake, kama anavyonyang'anywa mtoto.

"Nimesahau tu," Fatos akaanza. "Mtu anaandika mambo mengi, mama, huwezi kukumbuka kila..."

"Fatos." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mle kaburini analala nani?"

Fatos akainua kidevu na kugonga ulimi, vile tunavyokataa.

"Kila Alhamisi napanda mlima na magoti haya. Namlilia nani?"

"Mama, tafadhali."

Mama Hatixhe akainuka. Simu ya Fatos ilikuwa juu ya zile karatasi za mwanasheria. Akaichukua, akaiweka mbele yake.

"Mpigie."

"Nimpigie nani? Marehemu?"

"Mpigie. Au nashika jembe sasa hivi, naenda kufukua kwa mkono wangu. Imamu akiniuliza, nitamwambia nimetumwa na wewe."

Alijua mama yake ni mtu wa kufanya hivyo. Sote tulijua.

Kidole chake kilipita majina mengi, kikakomea kwenye moja. Nilisoma kwa juu ya bega lake. Alikuwa amemhifadhi kwa jina la Fundi wa Friji.

"Weka sauti, sote tusikie," nikasema.

Ikaita.

Nisikilizeni hapa, kwa sababu hili ndilo gumu kwangu kuliandika. Simu ilipoanza kuita sikuwa na hasira. Nilikuwa na furaha, furaha ya kijinga, ya kutaka kucheka kwa sauti. Yu hai. Nikaanza kumtungia sababu. Labda alifungwa. Labda aliungua uso akaona haya kunionyesha. Labda kuna watu wanamtafuta na anatulinda sisi. Kwa kila mlio nilimtafutia udhuru mpya, na simu ilipokaribia kukatika nilikuwa nimeshamsamehe yote.

Ikapokelewa.

Kwanza niliyasikia maji. Bomba la shinikizo, linapiga bati. Ningeitambua sauti hiyo hata usingizini. Mtu alikuwa anaosha gari.

Kisha yeye. Sauti ileile, yenye kile kipengo kinachopenyeza hewa kwenye jino la mbele.

"Fatos? Vipi, ameshasaini?"

Mtu huyu aliweza kumdanganya mama yake mzazi kwamba amekufa. Aliweza kuniacha nivae nyeusi, nipokee pole za mji mzima, nishike udongo wa kaburi kwa mkono huu. Lakini kusema uongo juu ya nta ya gari kulimshinda. Alilipata kopo, akalitumia, akaona si haki watu asiowajua waharibikiwe magari yao.

"Fatos, mbona kimya? Kesho ndiyo kwa mwanasheria, au siyo? Zamira amekubali au hajakubali?"

Fatos alifungua mdomo. Mama Hatixhe akamwekea kidole midomoni, kwa nguvu, mpaka kichwa kikamrudi nyuma. Mkono wake mwingine ulikuwa umeushika wangu, na sijui ni nani kati yetu aliyekuwa anamshikilia mwenzake.

Nikainama juu ya simu.

"Bado sijasaini," nikasema.

Upande wa pili, maji yakafungwa.